Mpira wa Kioo na Ukiritimba wa Wenye Leseni

Katika soko la Hagadera, moja kati ya kambi za wakimbizi za Dadaab, kuna kibanda cha mabati ambacho ukikipita upesi utadhani ni ghala la unga. Ukisimama kidogo utasikia ajabu. Utasikia uwanja mzima unashangilia, maelfu ya watu wanaimba, na firimbi inalia, na yote hayo yanatoka ndani ya chumba kisichozidi hatua sita kwa nne. Humo mna televisheni mbili, mashine mbili za gemu za PlayStation 2 ambazo kwingine zimekwisha kutupwa jalalani, waya zilizofungwa kwa plasta, na mabenchi mawili ya ubao. Umeme unatoka kwenye paneli ya jua iliyoko juu ya bati. Mtoto analipa shilingi kumi, anapewa mchezo mmoja, akishindwa anainuka, akishinda anakaa.

Nilifika hapo kwa shughuli nyingine kabisa, na joto ndilo lililoniingiza. Mwenye kibanda ni kijana wa Kisomali aliyezaliwa papo hapo kambini, na Somalia hajapata kuiona. "Karibu, mzee, kaa upande huu, huku kuna upepo," aliniambia, akamwinua mtoto mmoja kutoka kwenye benchi ili nipate nafasi. Nikakaa. Mbele yangu vijana wawili wa umri wa kama miaka kumi na miwili walikuwa wakipambana, na mmoja wao alikuwa akiongoza kwa mabao mawili.

Nikamwuliza yule aliyekuwa akiongoza ni timu gani aliyoichagua.

"Manchester, mzee."

Nikavaa miwani. Pale juu ya kioo, penye hesabu ya mabao, hapakuandikwa Manchester. Paliandikwa Man Red.

"Mbona mimi nasoma Man Red, mwanangu?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Manchester wakiwa humu ndani huitwa hivyo."

Alilisema bila ya kugeuza macho, kama mtu anayemweleza mgeni kwamba fulani ana jina la chuoni na jina la nyumbani. Basi nami nikaanza kuulizauliza, na niliyoyapata ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi. Najua wako wasomaji wa ukurasa huu, wa Mombasa na Lamu, wa Malindi na Unguja, watakaosema kwamba mwandishi wao sasa amekosa la kuandika mpaka anaandika juu ya gemu za watoto. Nawaomba subira. Nyumba nyingi za hao hao wasomaji zina mashine hizi sebuleni, na zisizokuwa nazo zina simu.

Kisa cha jina la Man Red ni hiki. Jina la klabu ni mali. Nembo yake ni mali, mistari ya jezi ni mali, jina la mchezaji na sura yake ni mali, hata jina la uwanja lina mwenyewe. Atakaye kuvitia vitu hivyo katika gemu ya kuuza hana budi kwenda kwa wenyewe akakodi, na hati anayopewa ndiyo leseni. Mpaka hapo hapana mtu wa kulalamika. Fundi hawezi kuchukua jina la mtu mwingine akalipiga mnada. Matata yanaanza pale mkodishaji anaposema: nitakulipa zaidi, lakini kwa sharti usimpe mwingine. Hapo leseni inageuka kuwa haki ya pekee, na haki ya pekee ni jina la adabu la ukiritimba.

Kampuni mbili zimegombea mpira wa kioo kwa miaka mingi. Moja ni Electronic Arts ya Marekani, ambayo watu huiita EA, iliyotoa gemu yake ya kwanza yenye jina la FIFA Desemba 1993. Ya pili ni Konami ya Japani, yenye gemu iliyojulikana kwa jina la Pro Evolution Soccer, au PES kama watoto wanavyoiita. EA ilikuwa na fedha na ikaenda mapema kwa wenye mali. Ikalipata jina la FIFA lenyewe, ikaipata ligi kuu ya Uingereza, ikaipata ya Ujerumani. Konami ikabaki kuokota moja moja. Mwaka huu inapata Arsenal, mwaka wa pili inaipoteza. Klabu ilizozikosa ikazipa majina ya kubahatisha: Manchester United ikawa Man Red, Liverpool ikawa Merseyside Red, Arsenal ilipokosekana ikawa North London. Roberto Carlos wa Brazil alikuwa na nywele zake zile zile na mkwaju wake ule ule wa mguu wa kushoto, lakini mgongoni akaitwa Roberto Larcos. Wadachi zamani wote waliitwa kwa rangi ya jezi yao na namba, kama wafungwa.

Sasa hapa ndipo penye la kufikiri. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, ukiuliza vijana wa huku kwetu gemu ipi ni tamu, wengi wao wangekwambia PES. Ile yenye majina ya uongo! Kwa nini? Kwa sababu Konami ilipokosa majina ilitia jitihada miguuni. Mpira ulikuwa na uzito wake, haukushikana na kiatu cha mchezaji kama uliopigwa gundi. Pasi ikikosea inakosea kwa kosa lako. Beki mzito akigeuka anageuka kama mtu mzito. Na EA, iliyokuwa na kila jina na kila nembo, ilipoona watu wake wanahamia kwenye gemu ya kina Larcos, ikaona haya, ikarudi karakanani. Gemu zake za baina ya mwaka 2008 na 2010 zilitengenezwa upya kabisa, na zikawa nzuri kuliko zilizotangulia, mpaka wale waliohama wakaanza kurudi. Kila mmoja alimnoa mwenzake.

Sisi watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Babu zetu waliishi na beni. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Dar es Salaam na Tanga zilikuwa na Marini na Arinoti, na Mombasa na Lamu zilikuwa na Kingi na Scotchi. Mmoja akiagiza tarumbeta, mwenziwe anaagiza tarumbeta na ngoma kubwa. Hawa wakivaa mikanda ya ngozi, wale wanashona na kofia. Wazee walizilaumu zile israfu, na lawama hiyo ilikuwa na haki yake, lakini hapana aliyesema kwamba ngoma ilikuwa mbaya. Na kabla ya hapo Muyaka bin Haji wa Mombasa asingekuwa Muyaka tunayemjua lau Lamu isingekuwa na malenga wa kumjibu. Jaribu kufikiri kama serikali ya wakati ule ingeuza leseni ya kupiga tarumbeta kwa Kingi peke yao kwa muda wa miaka kumi. Scotchi wangepiga nini, mabuyu? Na Kingi wenyewe, baada ya mwaka wa tatu, wangekuwa na haja gani ya kufanya mazoezi?

Mfano wa wazi zaidi uko Marekani, katika ule mpira wao wa kushika kwa mikono na kuvaa kofia ngumu. Mwaka 2004 palikuwa na gemu mbili kubwa za mchezo huo. Moja ni Madden ya EA, iliyouzwa karibu dola 50. Ya pili iliitwa ESPN NFL 2K5, na waliokuwa wakiiuza, Sega pamoja na Take-Two, wakaiweka sokoni kwa dola 20. Dola 20, na wachezaji wengi wakasema si duni hata kidogo. EA ikalazimika kuishusha Madden hadi dola 30. Hebu tazama neema iliyomfikia mnunuzi katika msimu mmoja: gemu mbili nzuri, zote kwa bei ya chini. Msimu haujamalizika, Desemba ya mwaka huo huo, EA ikatangaza kwamba imetia saini na ligi ya NFL na chama cha wachezaji wake, na kwamba tangu hapo hakuna mwingine atakayeruhusiwa kutengeneza gemu ya namna hiyo yenye timu na wachezaji wa kweli. Ile ya dola 20 ikafa kifo cha karatasi. Haikushindwa uwanjani, iliondolewa na mahakimu wa biashara kabla ya mchezo wa marudiano. Bei ya Madden ikapanda tena. Miaka ishirini baadaye wako Wamarekani ambao bado wanaichomeka ile gemu ya 2004 na kuicheza, na wapenzi wake wamekuwa wakibadilisha majina ya wachezaji kila msimu kwa mikono yao.

Wanunuzi walikwenda mahakamani mwaka 2008 wakidai kwamba wametozwa zaidi kwa sababu ya ukiritimba huo. EA ilikana kosa, lakini mwaka 2012 ikakubali kulipa dola milioni 27 na kuahidi kwamba haitatia saini tena haki ya pekee ya mpira wa vyuo vikuu kwa miaka mitano. Ile ya NFL, ambayo ndiyo yenye mali, ikaendelea kuifanya upya.

Nilipokuwa chuoni, maalimu wetu alipoufikia mlango wa biashara katika fikihi alikuwa akikaa sana juu ya ihtikari, yaani kukizuia kitu watu wanachokihitaji ili kipande bei. Masheikh wamehitilafiana juu ya mipaka yake. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafii tumefundishwa kwamba makatazo hayo yanahusu chakula. Wafuasi wa Imamu Malik wamekwenda mbali zaidi, wakayatia na bidhaa nyinginezo ambazo kuzuiwa kwake kunadhuru watu. Sisemi kwamba gemu ni mchele, wala sitaki nukuu yangu isomwe msikitini. Nasema tu kwamba tabia ya mwenye kuhodhi haibadiliki kwa kubadilika kile anachokihodhi. Akishaufunga mlango, akili yake yote huhamia kwenye ufunguo.

Dalili zake katika mpira wa kioo zinaonekana. Wenye mashine za zamani walianza kuuziwa matoleo yaliyoandikwa "Legacy Edition". Neno hilo maana yake ni urithi, na kwa kweli kilichouzwa ni urithi: mchezo ni ule ule wa mwaka uliopita, kilichobadilika ni jezi na orodha ya wachezaji waliohama. Mashine ya Nintendo Switch ililetewa gemu ya FIFA ya namna hiyo kwa miaka minne mfululizo, tangu FIFA 20 hadi FIFA 23. Mshonaji wa Kibokoni akikuletea kanzu ya mwaka jana amebadilisha vifungo tu, utamwambia maneno.

Lakini kubwa zaidi ni pakiti. Ndani ya gemu hizi kuna sehemu inayoitwa Ultimate Team, ambapo mchezaji hujijengea timu yake kwa kadi. Kadi zinatoka katika pakiti zilizofungwa, na pakiti zinanunuliwa, ama kwa kucheza saa nyingi, ama kwa fedha za kweli. Unalipa, unafungua, unaweza kumpata Messi na unaweza kumpata beki wa akiba ambaye hata mamake hamkumbuki. Msomaji aliyepita chuoni hahitaji kuelezwa. Kununua kitu usichojua kilichomo tunakuita gharari, na pale inapoingia tamaa ya bahati tunakuita kwa jina lake la kawaida, kamari. Haya si maneno ya masheikh peke yao. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya bahati wa Ubelgiji walisema kwamba pakiti kama hizo zinavunja sheria yao ya kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuziuzia fedha nchini humo. Kwingine zikaendelea. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2021, sehemu hiyo ya Ultimate Team katika gemu zake zote za michezo iliipatia EA kiasi cha dola bilioni 1.62. Ukiwa unapata fedha za namna hiyo kutoka kwenye pakiti, kwa nini uhangaike na uzito wa mpira?

Nisiwe mwandishi wa kuvuta kamba upande mmoja. Yako mambo mawili ambayo wanaotetea haki za pekee huyasema, na mawili hayo yana kweli ndani yake.

La kwanza ni kwamba mlango kuwa wazi hakuleti ushindani kwa nguvu. Tazama mpira wa kikapu. NBA haikumfungia mtu. Kampuni ya 2K inatengeneza, na EA nayo iliruhusiwa. Basi mwaka 2010 gemu ya EA iliharibika jikoni mpaka ikafutwa bila ya kutoka, na kwa muda mrefu 2K ikabaki peke yake bila ya hati yoyote ya upweke. Nayo ikajaza gemu yake vitu vya kununua vile vile. Nakubali. Ila pana tofauti baina ya mtu aliye peke yake uwanjani kwa kuwa wenziwe wamechoka na mtu aliye peke yake kwa kuwa amekwenda na kufuli. Wa kwanza hulala jicho moja wazi.

La pili ni fedha. Mwenye kulipia haki ya pekee hulipa nyingi, na fedha hizo huenda kwa wenye mchezo. Hapa hatuna haja ya kwenda Marekani, tuna Azam. Mwaka 2021 Azam ilitia saini na shirikisho la Tanzania haki za kuonyesha ligi kuu kwa miaka kumi, kwa shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Klabu ambazo zamani zilikuwa zikichangisha nauli za basi zikaanza kupata mgao unaojulikana. Mimi ni Mkenya, na nakiri kwamba nimekaa mbele ya televisheni nikitazama Simba na Yanga kwa wivu. Kwetu sisi SuperSport ilikuwa ndiyo yenye ligi, na ilipojitoa mwaka 2017, baada ya ligi kupanuliwa kutoka klabu 16 hadi 18, pakawa giza. Na bado wako wanaokumbuka GTV, iliyokuja mwaka 2007 ikachukua sehemu kubwa ya mechi za Uingereza kwa bei nafuu, watu wakanunua madishi, na Januari 2009 ikaanguka kwa siku moja, madishi yakabaki ya kuanikia samaki. Basi haki ya pekee inaweza kuleta neema, na ikiondoka inaweza kuondoka na taa. Ila katika televisheni mwenye kununua haki hana uwezo wa kuuharibu mpira wenyewe. Hersi za uwanjani zinabaki hersi, bao linabaki bao. Katika gemu anayenunua jina ndiye pia anayeutengeneza mpira, na akizembea hakuna mpira mwingine.

Nirudi Hagadera, maana huko ndiko nilikoliacha jambo zito.

Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991 na kukusudiwa watu kama 90,000. Mwaka 2011, ukame ulipowasukuma wengine, walikaribia nusu milioni. Mkimbizi hatoki hapo akaenda Garissa mjini, usiseme Nairobi, bila ya kibali. Wako watoto wa waliozaliwa humo ambao nao wamezaliwa humo. Na wengine wao wametoka mahali ambapo hata kuutazama mpira kulikuwa ni hatari ya roho: wakati wa Kombe la Dunia la 2010 wanamgambo katika sehemu za Somalia walipiga marufuku kutazama mechi, na watu waliuawa kwa ajili ya hilo. Mtoto kama huyu akishika kile kidude cha gemu, anakwenda Old Trafford bila ya kibali cha mtu. Sioni kama ni upuuzi. Basi nani anayeamua ni wapi anaweza kwenda, na kwa jina gani?

Nilimwuliza yule kijana wa Man Red kama amepata kucheza na timu ya Somalia.

"Haimo, mzee."

"Na Harambee Stars?"

Wote wakacheka. Haimo.

Nikawaeleza kwamba imepata kuwamo. Gemu ya FIFA iliyotangulia Kombe la Dunia la 1998 ilikuwa na timu za taifa 172. Na ile ya Kombe la Dunia la 2014, iliyotoka Aprili ya mwaka huo, ilizitia zote zilizoshiriki katika kutafuta nafasi, timu 203, Somalia ikiwemo na Kenya ikiwemo. Yule mtoto alinitazama kama ninayemsimulia kisa cha Abunuwasi. Akauliza iko wapi. Nikamwambia inataka PlayStation 3. Akageukia mchezo wake.

Hapa haki ya pekee inanitia kizungumkuti, na sitaificha. Ni mkataba wa EA na FIFA uliowezesha timu zile 203 kuingia. Bila ya jina la FIFA na Kombe lake, nani angekwenda kugonga mlango wa shirikisho la Mogadishu? Kisha Mei 2022 ikatangazwa kwamba wawili hao wanaachana kwa ajili ya fedha. FIFA 23 ikawa ya mwisho, na Septemba 2023 gemu ikatoka kwa jina la EA Sports FC 24. Wachezaji wengi waliendelea kama kwamba hakuna lililotokea, kwani klabu kubwa zilikuwa na mikataba yao mbali na majina ya wachezaji yalikodiwa kupitia kwa FIFPRO, umoja wa vyama vyao. Aliyepotea ni yule mdogo ambaye hakuwa na mkataba wake mwenyewe na alikuwa ameingia kwa kushika shuka la mkubwa. Na Konami, aliyekuwa mshindani? Mwaka 2021 alilitupa jina la PES, akatoa gemu ya bure iitwayo eFootball, na siku ilipotoka ilikuwa mbovu hata ikawa kichekesho cha dunia. Imerekebishwa tangu hapo, na katika simu ina wachezaji wengi, lakini ule utani wa jadi wa Kingi na Scotchi umekwisha.

Waliobaki kutengeneza ni vijana wenyewe. Mwenye kibanda alinitolea simu yake, kioo kimepasuka pembeni, akanionyesha PES ya zamani iliyoundwa kwa mashine ndogo ya PSP, ambayo mafundi wa mitaani wameifungua na kuitia Simba, Yanga na jezi za msimu, na sauti ya mtangazaji kwa Kiswahili. EA iliona inafaa kutia mtangazaji wa Kiarabu tangu FIFA 12, nami nilifurahi, maana hata sisi tunakisikia. Kiswahili hawakukiona. Kikatiwa na mtu asiyejulikana jina, bila ya malipo na, tuseme kweli, bila ya ruhusa. Kisheria huyo ni mwizi wa majina mawili, la gemu na la klabu. Mimi sipendi wizi wa kazi za watu, mashairi yangu mwenyewe yamepata kuimbwa harusini na mtu aliyedai kuwa ni yake. Lakini mwenye mali akikataa kukuuzia kwa bei yoyote, na kwa lugha yoyote unayoijua, sijui tumhukumu yupi kwanza.

Yako ya kufanya, na hayahitaji tume. Siku moja, na si mbali, kampuni moja ya gemu itakuja Nairobi au Dar es Salaam kutaka majina ya Gor Mahia, ya AFC Leopards, ya Bandari yetu ya Mombasa, ya timu za taifa. Wakuu wa mashirikisho wataandaliwa chai, na mkataba utakuwa mnene, na ndani yake patakuwa na kifungu kimoja kifupi kinachosema "kwa kampuni hii pekee". Hicho wakifute. Kama fedha ni nyingi mno za kukataa, basi wakipe miaka miwili, si kumi, na watie masharti yao: gemu iwe na Kiswahili, na liwepo toleo linalokwenda katika simu ya bei ndogo. Na wachezaji, kupitia chama chao KEFWA ambacho ni mwanachama wa FIFPRO, waulize leo, kabla ya wageni kufika, majina yao na sura zao ziko mikononi mwa nani na zinalipwa kiasi gani. Shirikisho lisiuze uso wa kijana ambaye halikumwuliza.

Ama wazazi, neno langu kwao ni fupi. Mtoto akiomba simu yako ya M-Pesa anunue pakiti, mfungulie pakiti hiyo kwa maneno kwanza, umweleze ni kitu gani anachokinunua.

Adhana ya alasiri ilipoanza, mwenye kibanda alizima mashine zote mbili. Hakungoja mchezo uishe. Kijana wa Man Red alikuwa na dakika tatu tu za kushinda, akalalamika, akataka shilingi zake, akaambiwa atazikuta baada ya sala. Tukatoka pamoja. Nilipomaliza kuswali niliwakuta nje, nyuma ya maduka, wanacheza kwa mpira wa matambara kwenye mchanga mwekundu, viatu vimepangwa kuwa milingoti. Mmoja alipiga shuti, ukapita baina ya viatu, akakimbia mikono juu huku akilitaja kwa kelele jina la Larcos.